Kisu kilekile, mikono tofauti: somo la Indiana na Texas

Alhamisi ya Desemba 11, 2025, maseneta wa jimbo la Indiana waliketi kupigia kura ramani mpya ya uchaguzi. Ramani yenyewe haikuficha nia yake. Indiana ina viti tisa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, saba vya Republican na viwili vya Democratic, na mchoro ule ulitaka vyote tisa viwe vya Republican. Jiji la Indianapolis, ngome ya Wademocrat, lilikatwa vipande vinne, kila kipande kikaunganishwa na mashamba ya mbali. Rais Donald Trump aliitaka ramani hiyo, na aliwatishia maseneta watakaoikataa kwamba atawasimamishia wapinzani kwenye mchujo wa chama. Makamu wake, JD Vance, alifunga safari mara mbili kwenda kuwashawishi. Gavana Mike Braun aliiunga mkono. Baraza la Wawakilishi la jimbo lilikwisha kuipitisha siku chache kabla. Katika Seneti ya jimbo yenye watu 50, Warepublican walikuwa 40. Kura zilipohesabiwa, 31 walisema hapana na 19 wakasema ndiyo. Katika wale 31, Warepublican walikuwa 21.

Tangu usiku ule nimesoma maelezo ya aina mbili. Wa kwanza wanasema Trump ameanza kuishiwa nguvu. Wa pili wanasema wale 21 ni mashujaa waliosimamia dhamiri zao. Sina ugomvi mkubwa na aliye upande wowote, ila naona wote wanatazama watu na kuusahau uwanja wanaochezea. Rais ni yuleyule, chama ni kilekile, na hoja ni ileile iliyopelekwa Texas miezi minne kabla. Kule ilipita, huku ikagonga mwamba. Kwa hiyo jibu haliko kwa Trump. Naamini liko katika kitu ambacho wachambuzi hukitaja kwa sentensi moja kisha wakakiacha, yaani utamaduni wa kisiasa wa jimbo: yale mazoea yanayomwambia mwanasiasa siasa ni kazi gani, nani wa kumwogopa, na jambo gani akilifanya ataona haya kurudi nyumbani. Sheria humpa mtawala kisu. Utamaduni ndio unaoamua atakichomoa lini, na mbele ya nani.

Kwa wasiofuatilia mambo haya kwa karibu, kila baada ya miaka kumi Marekani hufanya sensa, kisha majimbo huchora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Katika majimbo mengi anayechora ni bunge la jimbo, maana yake wanasiasa wanajichagulia wapiga kura kabla wapiga kura hawajawachagua wao. Hila hiyo ni ya zamani, na vyama vyote viwili huifanya. Kilichokuwa nadra ni kuchora upya katikati ya muongo, pasipo sensa mpya wala amri ya mahakama, kwa sababu tu chama kinataka viti zaidi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema Katiba ya taifa haikatazi jambo hilo. Mwaka 2019, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema mahakama za taifa hazina kazi ya kusuluhisha malalamiko ya ramani iliyopendelea chama. Hivyo tangu wakati huo ukuta wa sheria ya taifa dhidi ya ramani za upendeleo wa chama haupo tena. Kilichobaki ni kule kuona haya, nako hakulingani jimbo hadi jimbo.

Tuangalie Texas. Julai 2025 Gavana Greg Abbott aliita kikao maalumu cha bunge la jimbo, wakati familia za eneo la vilima zilikuwa bado zinazika watu wao baada ya mafuriko ya Julai 4 yaliyoua zaidi ya watu 130. Katika ajenda, mafuriko yaliorodheshwa bega kwa bega na ramani ya uchaguzi. Warepublican walishikilia viti 25 kati ya 38 vya jimbo hilo katika Baraza la Wawakilishi la Marekani na walitaka vitano zaidi. Agosti 3, wabunge Wademocrat zaidi ya 50 waliondoka jimboni, wengi wao wakaenda Illinois ili akidi isitimie, kwa kuwa Baraza la Wawakilishi la Texas linahitaji theluthi mbili ya wajumbe, watu 100 kati ya 150, ili kuendesha shughuli. Wakapigwa faini ya dola 500 kwa siku, na Spika akatia saini hati za kuwakamata. Wiki mbili baadaye wakarudi. Spika akaweka sharti kwamba yeyote aliyetoroka hatatoka ukumbini mpaka akubali kwa saini kusindikizwa na askari saa zote hadi kikao kijacho. Nicole Collier, mjumbe kutoka Fort Worth, akagoma kutia saini, akalala ndani ya ukumbi, kwenye meza yake. Agosti 20 ramani ikapita katika baraza hilo kwa kura 88 dhidi ya 52, na kabla mwezi haujaisha gavana akaitia saini. Desemba 4 Mahakama Kuu ikaruhusu itumike katika uchaguzi wa 2026. Upande wa Republican katika bunge lile hapakuonekana hata dalili ya uasi.

Sasa mtu mwenye akili ya kisheria atauliza: huenda taratibu za majimbo haya mawili zinatofautiana? Zinafanana kuliko unavyodhani. Yote mawili yanaliachia bunge lichore ramani. Yote mawili yanapitisha ramani kwa wingi wa kawaida wa kura. Hata lile sharti la akidi ya theluthi mbili, ambalo ni majimbo machache ya Marekani yanalo, Texas inalo na Indiana inalo. Mwaka 2011 Wademocrat wa Indiana walilitumia vilevile, wakatorokea Urbana, Illinois, kwa wiki tano kuzuia muswada wa kubana vyama vya wafanyakazi. (Illinois imekuwa nyumba ya wageni ya wabunge watoro. Inachekesha, maana wapangaji wake wa Agosti 2025 walikuja kulalamikia ramani za hila katika jimbo ambalo Wademocrat wenyewe wamechonga ramani inayowapa viti 14 kati ya 17. Nyani haoni kundule.) Kwa hiyo kisu ni kimoja. Tofauti inabidi tuitafute kwenye mikono iliyokishika.

Mkono wa Texas una historia ndefu, na kipande kimoja cha historia hiyo kinafaa kusimuliwa taratibu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Texas ilitawaliwa kwa muda na Warepublican wa enzi hizo, waliowaunga mkono Waafrika-Wamarekani waliotoka utumwani. Gavana wao, Edmund Davis, alikuwa na madaraka makubwa: polisi wa jimbo, uteuzi wa maofisa, mishahara minono. Aliposhindwa uchaguzi alikataa kutoka. Januari 1874 alijifungia ghorofa ya chini ya jengo la serikali mjini Austin akiwa na walinzi wenye silaha, huku bunge jipya likipanda ghorofa ya juu kwa ngazi kumwapisha mpinzani wake. Rais Ulysses Grant alipokataa kumpa Davis askari, ndipo akaondoka. Wazungu wenye mashamba waliorudi madarakani wakaandika Katiba ya 1876 kwa hasira, wakidhamiria kwamba pasitokee tena serikali yenye nguvu ya kuwaingilia. Bunge likaachwa likutane mara moja kila miaka miwili. Madaraka ya utendaji yakagawanywa kwa maofisa wanaochaguliwa kila mmoja kivyake, kiasi kwamba gavana hana baraza la mawaziri la kumtii.

Katiba hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo, imewekwa viraka kwa marekebisho zaidi ya 500. Bunge bado hukutana kwa siku 140 tu kila mwaka wa namba witiri, na mjumbe hulipwa mshahara wa dola 600 kwa mwezi. Naibu gavana, mwanasheria mkuu, mdhibiti wa fedha, kamishna wa ardhi na kamishna wa kilimo kila mmoja huombea kura zake. Tume inayosimamia mafuta na gesi ingali inaitwa tume ya reli, na haina tena habari na reli. Mwaka 2019 wapiga kura walipiga marufuku kodi ya mapato ya mtu binafsi ndani ya Katiba yenyewe, ingawa haikuwapo. Unapomlipa mbunge dola 600, unakuwa umeshaamua nani atakuwa mbunge: mwenye shamba, wakili mwenye ofisi yake, mwenye biashara inayojiendesha. Mwalimu wa shule hawezi kuacha darasa kwa siku 140. Hasira ya mwaka 1876 bado inachagua wagombea karne na nusu baadaye, na hakuna anayehitaji kujua jina la Davis ili hilo litokee. Hii ndiyo maana ya utamaduni kuunda serikali. Fikra za watu waliokufa hukaa ndani ya kanuni za mshahara na kalenda ya vikao.

Jambo la pili lililorithiwa ni ukiritimba. Kwa takriban miaka mia moja Texas ilikuwa ya Wademocrat peke yao, na mashindano yote yalikuwa ndani ya mchujo wa chama hicho. Weusi walifungiwa nje ya mchujo kwa nguvu ya kanuni za chama hadi Mahakama Kuu ilipovunja utaratibu huo mwaka 1944. Maskini, weusi kwa weupe, walizuiwa kwa kodi ya kichwa ya wapiga kura iliyoanzishwa mwaka 1902. Katika siasa za namna hiyo, aliye nje ya kundi linalotawala hahesabiwi kuwa mpinzani ambaye kesho atashinda. Anaonekana msumbufu wa kudhibitiwa. Kisha chama kikabadilika. Mara ya mwisho Mdemocrat kushinda cheo cha jimbo zima ilikuwa 1994, na katika uchaguzi wa 2002 Warepublican walilitwaa Baraza la Wawakilishi la Texas kwa mara ya kwanza tangu zile zama za Davis. Ungetarajia namna ya kutawala ibadilike. Ngoma ilikuwa ileile, wachezaji tu ndio waliobadilishana sare. Mwaka uliofuata tu, 2003, wakachora upya ramani katikati ya muongo, Wademocrat wakatorokea Ardmore huko Oklahoma, maseneta wao wakafuatia hadi Albuquerque, na mwisho ramani ikapita. Kwa hiyo mwaka 2025 hakuna Mrepublican wa Austin aliyeombwa kufanya jambo geni. Aliombwa kurudia jambo ambalo chama chake kilishalifanya, likakipa viti, na halikumgharimu kiongozi yeyote heshima yake nyumbani. Aliyekula jana hawezi kusema leo ni haramu.

Hata kutoroka ni sehemu ya utamaduni uleule. Mwaka 1979 maseneta 12 wa Texas, Wademocrat waliomkasirikia naibu gavana wa chama chao wenyewe, walijificha siku kadhaa, wengi wao Austin kwenye chumba cha gereji. Askari waliotumwa kuwasaka wakamkamata kwa makosa ndugu wa mmoja wao. Watexas husimulia kisa hicho kwa kicheko hadi leo. Kuvunja akidi kule ni kama tamthilia ambayo kila mtu anajua nafasi yake: mnyonge anakimbia, mwenye nguvu anatuma askari, mnyonge anarudi, mwenye nguvu anapata alichotaka.

Mwaka 1966 mtaalamu wa siasa Daniel Elazar alijaribu kuyapanga majimbo ya Marekani katika tamaduni tatu. Kuna majimbo yanayoona serikali kuwa chombo cha kutafuta heri ya wote, kama Minnesota. Kuna yanayoiona kama soko, ambapo siasa ni kazi ya kupata riziki na kulipana fadhila, kama Illinois. Na kuna ya kimapokeo, yanayoona kazi ya serikali ni kulinda mpangilio uliopo na wakubwa waliopo, hasa majimbo ya Kusini. Texas aliiweka kwenye mapokeo yaliyochanganyika na soko. Mpangilio huu umesaidia wengi kuanza kufikiri, na umewapoteza wengi vilevile, kwa sababu ukifika kwenye jina la kundi unajisikia umeshaeleza kitu. Indiana, kwa hesabu ya Elazar, ni jimbo la soko. Jimbo la soko lilitakiwa kuuza kura zake Desemba 11, na bei ilikuwepo mezani.

Hapo ndipo ninapoona uchambuzi wenyewe unaanza. Utamaduni wa soko una upande mmoja usiosemwa sana: mwanasiasa wake ni mtu wa nyumbani. Deni lake liko kwa watu wa kaunti yake, waliompa kura, waliochangia kampeni, anaokutana nao kanisani. Mbunge wa Indiana ana kazi nyingine nje ya bunge. Jimbo lina vitongoji zaidi ya elfu moja vyenye msimamizi wake wa kuchaguliwa kila kimoja, utaratibu ambao wageni huuona upotevu wa fedha na wenyeji hawataki uguswe. Mtu wa siasa hizo akiletewa ramani kutoka Washington huuliza swali la mwenye duka: watu wangu wanapata nini? Walikuwa wanapata kuunganishwa na vipande vya Indianapolis ili mtu mwingine, mbali sana, awe na viti viwili zaidi. Juu ya hapo aliyeleta oda aliileta kwa ukali. Maseneta kadhaa walipokea vitisho, na wengine polisi walitumwa nyumbani kwao kwa taarifa za uongo. Seneta Mike Bohacek, Mrepublican, ana binti mwenye ugonjwa wa Down. Trump alipomkejeli gavana wa Minnesota kwa neno linalowadhalilisha watu wenye ulemavu wa akili, Bohacek alitangaza kwamba atapiga kura ya hapana. Ukitaka kuona utamaduni ukifanya kazi, usitafute hotuba kuhusu demokrasia. Tazama mtu anayepima shinikizo la mkuu wa nchi kwa mizani ya nyumbani kwake, halafu akajiona hana deni.

Wala nisieleweke kwamba watu wa Indiana wana damu safi kuliko Watexas. Miaka ya 1920 kundi la wabaguzi wa rangi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu Indiana kuliko karibu popote Marekani. Lilifika hadi ofisi ya gavana, na lilivunjika baada ya kiongozi wake, D. C. Stephenson, kutiwa hatiani kwa mauaji mwaka 1925 kisha akaanza kutaja majina ya wanasiasa aliokuwa amewanunua. Soko lilelile lililokataa oda ya Washington mwaka 2025 lilikubali oda ya Stephenson. Kwa hiyo anayesema utamaduni ni tabia ya kuzaliwa, kwamba watu fulani ni wa haki na wengine wamelaaniwa kuburuzwa, hana hoja hata ya kuanzia. Hoja hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na bahati mbaya ndiyo inayosambaa kwa urahisi, kwa sababu inamwondolea msemaji kazi ya kusoma historia. Kodi ya kichwa ya Texas haikutungwa na hali ya hewa. Ilitungwa na watu, kwa tarehe inayojulikana, ili wengine wasipige kura, nayo ilipoondolewa sura za wabunge zilibadilika. Mwaka 1966 Barbara Jordan alichaguliwa kuwa mtu mweusi wa kwanza katika Seneti ya Texas tangu 1883, mwaka mmoja baada ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Mazoea yana mwanzo, na sheria kali ya kutoka nje inaweza kuyavunja.

Hoja zenye uzito ziko kwingine. Ya kwanza ni ya maslahi: Texas ilikuwa na viti vitano vya kupata, Indiana viwili, na ramani iliyonyooshwa kupita kiasi inaweza kumrudia aliyeichora, kwa kuwa ukitawanya wafuasi wako kila mahali unabaki na ushindi mwembamba kila mahali. Hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Missouri ilibadili ramani yake Septemba 2025 kwa ajili ya kiti kimoja, na North Carolina ikafanya hivyo Oktoba, nayo kwa kiti kimoja. Faida ndogo haikuwazuia. Ya pili ina nguvu zaidi. Maseneta wa Indiana hukaa miaka minne, na nusu yao hawagombei mwaka 2026, kwa hiyo tishio la mchujo halikuwafikia wote kwa wakati mmoja. Hii naikubali kwa sehemu kubwa. Muhula mrefu ni mwavuli, na wabunge wa baraza la chini, wanaogombea kila miaka miwili, ndio waliokuwa wameipitisha ramani. Lakini maseneta wa Texas pia wana miaka minne, na mwavuli haukuwafanya hata kufikiri kutembea kwenye mvua. Kanuni ya muhula ilifungua mlango Indiana kwa sababu ndani kulikuwa na watu waliotaka kupita.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua, na sidhani imejibiwa vizuri hata na waandishi wakubwa wa somo hili. Inasema kwamba utamaduni ni neno la kuzunguka: Texas ilikubali kwa sababu ndivyo Texas ilivyo, na tunajuaje ndivyo ilivyo? Kwa sababu ilikubali. Anayetumia neno hili bila breki anaweza kueleza kila kitu baada ya kutokea na asitabiri chochote kabla. Jibu langu ni kumbana msemaji, mimi nikiwemo. Mtu akidai utamaduni umesababisha jambo, aonyeshe njia lililopitia: mshahara gani, kalenda gani, mchujo gani, kumbukumbu gani ya tukio la nyuma, na nani alilipa au hakulipa gharama. Asipoionyesha njia, anapiga ramli. Na pia akubali mfano unaompinga.

Mfano wangu unaonipinga ni Minnesota. Ndilo jimbo linalotajwa kama kielelezo cha siasa za heri ya wote: tangu miaka ya 1970 raia anaweza kujiandikisha na kupiga kura siku hiyohiyo, na mahudhurio yake vituoni huwa juu kabisa kitaifa, karibu asilimia 80 mwaka 2020. Jimbo hilohilo ndilo lililoibiwa takriban dola milioni 250 za taifa zilizokusudiwa chakula cha watoto wakati wa korona, kupitia mtandao wa mashirika yaliyodai kulisha watoto ambao hawakuwepo. Mashtaka ya kwanza yalifunguliwa 2022, na mkaguzi wa bunge la jimbo alikuta usimamizi wa idara husika haukutosha. Imani ya umma ni mtaji, na mwizi naye huutumia. Serikali iliyozoea kudhani mwombaji ni mkweli huchelewa kupiga kelele. Illinois haina kosa la namna hiyo. Magavana wake wanne wa zamani wameonja jela na Spika wake wa miongo mingi, Michael Madigan, alihukumiwa mwaka 2025 kifungo cha miaka saba na nusu. Pale kila mtu humshuku mwenzake, na bado wizi unafanyika.

Hata hivyo ni Minnesota hiyohiyo inayotoa ulinganisho mzuri zaidi na Texas, na ajabu ni kwamba ulipita mwaka uleule bila watu kuuona. Uchaguzi wa 2024 uliliacha Baraza la Wawakilishi la Minnesota na viti 67 kwa 67. Mdemocrat mmoja akaondolewa na mahakama kwa kutoishi katika eneo lake, Warepublican wakajikuta na wingi wa kura moja, wakataka kumchagua Spika na kushika kila kitu. Januari 2025 Wademocrat wakasusia kikao ili akidi isitimie. Silaha ni ileile ya Texas. Lakini hakuna askari aliyetumwa kubisha hodi. Pande zote mbili zikaenda mahakamani, Mahakama Kuu ya jimbo ikasema akidi ni 68, na mwanzoni mwa Februari wakaafikiana: Mrepublican Lisa Demuth awe Spika kwa miaka miwili, na kamati ziwe na wenyeviti wawili, mmoja kila chama, usawa wa viti ukirudi. Mtu atasema walikubaliana kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumshinda mwenzake. Sawa. Lakini nguvu sawa huleta pia miezi ya kukwama, na Marekani imejaa mifano. Waliketi kwa sababu kila upande uliamini kwamba mpiga kura wa kule atamwadhibu anayeonekana kutotaka kuketi. Juni mwaka huohuo, kiongozi wa Wademocrat katika baraza lile, Melissa Hortman, alipiga kura chungu kwa chama chake ili bajeti ya maafikiano ipite, na siku chache baadaye akauawa kwa risasi nyumbani kwake pamoja na mumewe. Utamaduni wa maafikiano haumlindi mtu na bunduki, na sidhani kama sasa una afya uliyokuwa nayo kabla ya mauaji yale ya Juni 14.

California nayo isiachwe, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mazoea yanavyozaliwa. Mwaka 1911 Gavana Hiram Johnson, akipambana na kampuni ya reli iliyokuwa imelimeza bunge, aliwapa wapiga kura haki ya kutunga sheria kwa kura ya maoni na kuwaondoa viongozi. Kwa njia hiyo hiyo, mwaka 2008 na 2010, wapiga kura waliwanyang'anya wanasiasa kalamu ya ramani na kuikabidhi tume huru. Texas ilipochora, Gavana Gavin Newsom alitaka kujibu kwa viti vitano vya Wademocrat, ila hakuweza kufanya hivyo chumbani. Ilibidi awaulize wananchi. Novemba 4, 2025 wakakubali, na tume ikawekwa kando hadi baada ya uchaguzi wa 2030. Warepublican wakasema unafiki, Wademocrat wakasema kujilinda. Mimi naona mambo mawili kwa pamoja. Hata katika kutenda kile walichokikataa, Wacalifornia walilazimika kukitenda hadharani kwa kura, na hiyo si tofauti ndogo. Lakini pia sasa wana mara yao ya kwanza, kama Texas ilivyoipata mwaka 2003, na mara ya kwanza ndiyo huwa ghali. Mwaka 2031 mtu atasimama Sacramento, makao makuu ya jimbo, na kuuliza kwa nini ile tume irudi, ilhali tumeshaishi bila yake na hatukufa.

Hilo ndilo linalonifanya nitazame kwa wasiwasi matumaini ya wanaodai tume huru katika kila jimbo kama dawa. Tume ni nzuri, na ningeipigia kura. Ila tume bila watu wanaoona haya kuivunja ni karatasi, kama ilivyokuwa Katiba ya Texas iliyodhamiria gavana dhaifu: Rick Perry alikaa miaka 14, Abbott akaendelea kuanzia 2015, na kwa kuteua watu mmoja mmoja wakati chama kimoja kimeshika kila cheo, ofisi iliyoandikwa iwe ya heshima tu ikawa kiti cha enzi. Na yote hayo chini ya Katiba ileile. Anayetaka kubadili serikali ya jimbo lake kwa kudumu afanye kazi mbili kwa wakati mmoja: aandike kanuni, na ahakikishe wa kwanza kuivunja analipa gharama ambayo wengine watailipa tena kichwani mwao kila wanapofikiria kumwiga.

Ndiyo maana kura ya Desemba 11 haijaisha, na mchambuzi anayeifungia faili sasa ana haraka. Naandika haya kabla ya Mei 2026, mwezi ambao Indiana itafanya mchujo, na nusu ya viti vya Seneti ya jimbo viko kwenye karatasi. Baadhi ya Warepublican waliosema hapana watakuwa wanatetea viti vyao mbele ya wapinzani wenye baraka na fedha za Washington. Wakirudi, kila seneta wa jimbo atakuwa amejifunza kwamba deni lake la nyumbani ndilo deni kweli. Wakiangushwa kwa ajili ya kura ile, basi uchambuzi huu utakuwa umeeleza Indiana ya jana, na baada ya uchaguzi wa Novemba 2026 ramani ileile inaweza kuletwa tena ukumbini bila Makamu wa Rais kuhitaji hata kupanda ndege.